Simu ya Hapana

Siku ya pili ya kongamano, mwezeshaji alituambia tufunge kompyuta, tutoe simu zetu, na kila mmoja aombe kazi aliyoitangaza mwenyewe. Si ya mwenzake, yake. "Chukueni tangazo lenu la mwisho," alisema, "mjaze fomu yenu kama mnavyotaka watu waijaze. Waifai ya ukumbi zimeni. Tumieni bando." Watu wakacheka. Tulikuwa kama sitini mle chumbani, wote watu wa kuajiri: mawakala wa ajira, maofisa rasilimali watu wa viwanda, hoteli na benki, wengine wametoka Nairobi, Kampala na Kigali. Kila mmoja wetu ameshawaambia mamia ya watu "jaza fomu kwenye tovuti yetu" bila kufikiria mara mbili. Robo saa haikupita, kicheko kikaisha.

Mimi nilichagua tangazo la mtunza stoo. Tulikuwa tumelitoa wiki tatu nyuma kwa niaba ya kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Fomu ilianza kwa kunitaka nifungue akaunti. Nikatunga nywila, ikakataliwa kwa kukosa herufi kubwa. Nikaongeza herufi kubwa, ikakataliwa kwa kukosa alama. Ikanitumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe; nilipotoka kwenda kuisoma na kurudi, ukurasa ulikuwa umeanza upya na nilichojaza kimefutika. Nikaanza tena. Nikapakia CV, kisha fomu ikanitaka niandike kila kitu kilichomo kwenye CV hiyohiyo: shule ya msingi, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, sekondari, chuo, kazi ya kwanza, kazi ya pili. Penye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, palikuwa na kinyota chekundu, maana yake bila kujaza hupiti. Cheti cha kidato cha nne kiwe PDF na kisizidi MB 1. Picha niliyopiga kwa simu ilikuwa MB 4.

Hapo nilisimamisha kidole. Mtu wa kawaida akifika hapo anavaa viatu, anakwenda steshenari, anaomba askaniwe na apunguziwe ukubwa wa faili. Mtaani kwetu ni shilingi 500 kwa ukurasa, na foleni juu yake. Vyeti vitatu, cheti cha kuzaliwa, barua ya maombi. Halafu chini kabisa nikakuta kipengele nilichokiandika kwa mkono wangu: wadhamini watatu, wenye barua pepe za kikazi. Kwa mtunza stoo! Watunza stoo wazuri niliowahi kukutana nao walijifunzia kazi kwenye maduka ya vipuri eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa matajiri ambao wanajua bei ya kila bolti kwa kichwa na hawajawahi kuwa na barua pepe.

Dakika 38 zilipita na sikuwa nimemaliza. Bando la siku likaisha.

"Nani amefika mwisho?" mwezeshaji akauliza. Mikono mitatu ikanyooka. Akawaambia wale watatu wasome kwa sauti ujumbe waliopata baada ya kutuma. Wa kwanza akasoma, wa pili akasoma, na ilikuwa kama wameandikiwa na mtu mmoja. Wangu pia ungekuwa huohuo, naujua kwa moyo kwa sababu niliutunga mimi mwaka wa kwanza kazini: "Maombi yako yamepokelewa. Ni waombaji watakaokidhi vigezo tu ndio watakaojulishwa."

Mwezeshaji hakusema kitu juu ya ujumbe huo. Aliuandika ubaoni, akauacha hapo mpaka saa ya chai.

Nifafanue nilivyofika kwenye kile chumba. Nafanya kazi kwenye wakala mdogo wa ajira Dar es Salaam. Tuko watano. Tunatafutia kampuni madereva, wahasibu, mafundi umeme, watu wa mapokezi, watunza stoo. Nina miaka tisa kwenye kazi hii, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukaa na watu wa fani yangu zaidi ya siku moja. Niliposikia kwamba kutakuwa na kongamano la siku mbili Arusha nilimwomba bosi wangu, akakubali kulipa kiingilio, nauli na malazi nikajilipia. Nilipanda basi la alfajiri pale Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi. Ni safari ya kutwa, na njia nzima niliandika kwenye daftari maswali ya kuuliza. Nililifungua daftari hilo juzi. Maswali kumi na manne, na kumi na tatu yanahusu kitu kimoja: jinsi ya kupunguza haraka rundo la maombi.

Siwalaumu wanaouliza hivyo, kwa sababu rundo ni la kweli. Nafasi ile moja ya mtunza stoo ilileta maombi 412. Ukimpa kila mtu dakika tano, hizo ni saa 34, na mteja anataka majina matano Ijumaa. Ndiyo maana siku ya kwanza mabanda yaliyojaa watu yalikuwa ya wauza programu za kuchuja. Unaipa programu tangazo, unaipa CV, inakupangia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kabla chai haijapoa. Nilisimama kwenye banda moja karibu nusu saa. Nilivutiwa, na bado naona zina kazi yake.

Lakini mchana wa siku hiyo mzungumzaji mmoja alitukumbusha kisa kilichoandikwa na shirika la habari la Reuters mwaka 2018. Amazon ilijenga programu ya kuwapa alama waombaji wa kazi, ikaifundisha kwa CV ilizopokea kwa miaka kumi, ambazo nyingi zilikuwa za wanaume. Programu ikajifunza kilichokuwemo. Ikikuta CV inataja klabu au chuo cha wanawake, inashusha alama. Hakuna aliyeiambia iwachukie wanawake. Ilitazama tu tulichokuwa tukifanya ikatuiga. Amazon ikaachana na mradi huo. Mzungumzaji akauliza: programu ikifundishwa kwa mafaili ya ofisi yako, itajifunza nini?

Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Najua ingejifunza nini kwetu. Ingejifunza kwamba mwombaji mwenye kimemo hujibiwa. Kwa miaka tisa sijawahi, hata mara moja, kumwacha bila jibu mtu aliyekuja na kimemo cha mkubwa fulani. Hata pale asipofaa, nampigia, namweleza kwa adabu, namtakia heri, kwa sababu najua mkubwa atauliza. Asiye na mtu ndani hapigiwi. Tunasema Tanzania ajira ni koneksheni, na sisi tunaojitetea kwamba tunachagua kwa haki hatuoni kwamba hata "hapana" tumeifanya kuwa ya wenye koneksheni.

Somo jingine la siku ya kwanza lilinichoma kwa namba. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia 19 za kuchagua wafanyakazi, wakapima kila njia inatabiri kwa kiasi gani utendaji wa mtu akishaajiriwa. Kipimo kinaanzia sifuri, yaani njia haikuambii chochote, hadi moja, yaani inakuambia kila kitu. Kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye mbele yako kulipata 0.54. Usaili wenye mpangilio, ambamo kila mtu anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ulipata 0.51. Usaili wa kuzungumza tu, kila mmoja na lake, 0.38. Miaka ya uzoefu, 0.18. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya, namba nyingi zikashuka, lakini usaili wenye mpangilio ukakaa kileleni na miaka ya uzoefu ikabaki chini vilevile.

Sasa fikiria matangazo yetu. "Uzoefu usiopungua miaka mitano." Nimeuandika msitari huo mara ngapi? Mteja hata hauombi, naujaza mwenyewe kwa mazoea, kwa sababu unapunguza rundo. Kijana aliyehesabu mizigo kwa mjomba wake miaka miwili kwa uaminifu anausoma, anafunga simu. Na anayebaki si lazima awe bora, ni mkongwe tu. Jioni hiyo mjumbe mmoja wa kiwanda cha nguo alinieleza wanavyochagua mafundi cherehani: wanampa kitambaa, wanampa kielelezo, wanamwachia nusu saa. CV wanaisoma baadaye. Nilimwuliza kama haichukui muda. Akasema inachukua, lakini muda wa kumfukuza mtu baada ya miezi mitatu ni mrefu zaidi.

Mada ya sheria nitaipitia haraka, ingawa ilistahili siku nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisitumike kwa jingine. Ukumbi ukawa kimya, kwa sababu kila mtu alikumbuka makundi ya WhatsApp ambako maofisa wa ajira tunarushiana CV za watu, zenye namba za simu, namba za NIDA na majina ya wazazi, kama tunarushiana picha za harusi. "Mwenye dereva aniletee." Dakika mbili, CV sita. Wenye hizo CV hawajui ziko wapi. Nilitoka kwenye makundi manne jioni ileile. Na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza ubaguzi wa jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengine, kinamkinga hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Wapo wateja wanaokuambia kwenye simu, bila kuandika popote, "msituletee binti aliyeolewa juzi." Sasa nawajibu kwa barua pepe, nikirudia ombi lao kwa maneno yao na kuwaomba walithibitishe. Hakuna aliyewahi kulithibitisha.

Lakini nilichokwenda kukipata Arusha, nilikipata kwa kupotea njia. Kongamano lilikuwa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha. Jengo lake lina mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na mgeni ukikosea ngazi unajikuta bawa lisilo lako. Siku ya pili, baada ya zoezi la fomu, nilikuwa natafuta sehemu ya chai nikakutana kwenye korido na mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, beji shingoni, kaunta buku kwapani. Naye alikuwa amepotea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajua chai iko wapi?"

Tukaitafuta pamoja. Alikuwa ametoka Mombasa, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akitafutia hoteli za Pwani wapishi, wahudumu, walinzi na watu wa bustani. Tulipopata viti nilimwambia nilivyoshindwa kuijaza fomu yangu mwenyewe. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Na hao mliowakataa, mwawaambiaje?"

Nikamjibu ukweli, kwamba hatuwaambii.

Akaweka kikombe chini, akafungua kile kitabu. Kilikuwa kaunta buku ya kawaida, gamba gumu, mistari ya bluu, kurasa zimevimba kwa kushikwashikwa. Kila ukurasa alikuwa ameuchora safu nne kwa rula: jina, tarehe ya usaili, sababu, na safu ya mwisho yenye kichwa kimoja tu, "Nimempigia". Safu ile ilikuwa na alama za vema kutoka juu hadi chini. Penye mtu ambaye simu haikupatikana kulikuwa na tarehe mbili, tatu, nne, mpaka vema ikapatikana. Nilifunua kurasa nyingi. Sikuona nafasi tupu. "Hiki ni cha kumi na moja," alisema.

Nikamwambia sisi hatuna muda huo. Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyesema hana njaa.

"Sikiza. Alokutumia karatasi mtumie ujumbe wa simu, yatosha. Lakini mtu alokuja akaketi mbele yako, kapanda matatu, kavaa nguo yake ya Idi, kakujibu maswali yako yote, huyo akudai. Mlipe. Hapana yake ni mali yake, usikae nayo."

Kisha akanifundisha, kama mpishi anavyomfundisha mtu mkono wa pilau. Piga simu mwenyewe, usimtume mtu wa mapokezi. Ijumaa usipige, utamharibia mapumziko na hana pa kwenda kuulizia. Sema hapana kwenye sentensi ya kwanza, kabla ya jambo lolote. "Ukianza kwa kumsifu moyo wake utapanda, halafu uuangushe. Usimpandishe." Mpe sababu moja, ya kweli, anayoweza kuifanyia kazi. Ikiwa hakuna, mwambie hakukosea kitu, alikuwepo mwenziwe aliyemzidi kwa jambo fulani, ulitaje. Akikasirika msikilize mpaka amalize. Usimwahidi kitu usichonacho. Ile "tutakutafuta nafasi ikitokea" usiitamke kamwe, labda iwe umeshaandika jina lake pahala.

Nikamwuliza kama kwake hakuna mawakala wanaowatoza watu pesa ya fomu, pesa ya usajili, pesa ya kuharakisha, kama hawa wanaotusumbua sisi. Hapo sura yake ilibadilika. Aliwahi kuombwa atafute wasichana wa kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni, kwa malipo ya kila kichwa, akakataa. Anawajua waliokubali.

"Ukishamchukulia mtu pesa, huwezi tena kumwambia hapana. Utamwambia ngoja. Ngoja visa, ngoja daktari, ngoja mwezi ujao. Msichana kauza mbuzi wa mamake, akae angoje. Na siku ikija safari mbaya, ataikubali, kwa kuwa kangoja sana."

Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa sababu maalumu. Nimeusoma mkataba huo mara nyingi na kuutaja kwenye mafunzo. Sikuwahi kuelewa, mpaka siku ile kwenye chai, kwamba pesa ya fomu na ukimya wetu sisi tusiotoza ni ndugu. Wote wawili wanamweka mtu kwenye ngoja. Sisi tu hatukumchukulia mbuzi.

Kengele ya kurudi ukumbini ililia tukabaki tumekaa. Mada ya mwisho ilihusu mustakabali wa sekta ya ajira, sikuihudhuria, na sijuti. Alinionyesha ukurasa mmoja wa zamani, jina la kijana aliyemkataa kazi ya upishi kwa sababu hakujua kuhifadhi nyama kwa usalama. Alikuwa amemwambia hivyo kwenye simu, kwa maneno hayohayo. Miaka miwili baadaye kijana akarudi na cheti cha usafi wa chakula, na sasa ni mpishi mkuu. "Nisingempigia angejuaje?" akasema, akafunga kitabu.

Niliporudi Dar nilieleza ofisini. Bosi wangu alisikiliza, akasema wazo zuri lakini kazi ni nyingi, na hana ubaya, ndiye anayelipa mishahara yetu. Nikamwomba wiki moja. Fomu tuliipunguza: jina, simu, kazi tatu za mwisho, basi, vyeti mtu atakuja navyo siku ya usaili, na wadhamini tutawapigia simu, wawe na barua pepe wasiwe nayo. "Miaka mitano" tukaifuta. Watunza stoo tuliwaita tisa, kila mmoja tukamwekea meza yenye boksi za vitasa, bawaba na misumari pamoja na leja ambayo tuliikosea makusudi sehemu tatu, ahesabu atuambie. Aliyezipata zote tatu alikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja na nusu.

Wale 403 ambao hawakuitwa tuliwatumia ujumbe mfupi kwa mkupuo, kila mmoja na jina lake, ukisema nafasi imejazwa na maombi yake yamefungwa. Gharama haikufika shilingi 12,000. Waliojibu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na karibu wote waliandika neno moja, asante. Mmoja aliandika: "Hii ni mara ya kwanza nimejibiwa tangu nimalize chuo." Mwenzangu wa meza ya pili aliusoma ujumbe huo, akaondoka kwenda kusimama dirishani.

Kisha nikanunua kaunta buku, nikachora safu nne. Nikaona si haki kuanza na watunza stoo peke yao. Nikatoa mafaili ya miezi mitatu nyuma, watu wote waliokaa mbele yangu wakajibu maswali yangu nisiwape neno. Walikuwa 31.

Wa kwanza alikuwa mhasibu, dada wa umri wangu. Nilisema hapana kwenye sentensi ya kwanza kama nilivyofundishwa. Kimya. Halafu akasema, "Miezi mitatu, dada. Miezi mitatu natembea na simu mpaka bafuni." Akaendelea kwa dakika kama tano, na hakuna alilosema ambalo halikuwa kweli. Nilisikiliza mpaka akamaliza. Akakata. Niliweka vema kwenye safu ya mwisho na mkono ulikuwa unatetemeka. Bado naamini alistahili kunisema, na angestahili zaidi kuambiwa mapema.

Wa pili hakunikumbuka. Wa tatu alikuwa ameshapata kazi, akanishukuru kwa furaha. Wa nne alikuwa dereva wa malori.

Nilimkumbuka vizuri. Mtu mzima, mtaratibu, leseni yake safi, alikuja kwenye usaili dakika arobaini kabla ya wakati. Kwenye jaribio la vitendo aliendesha vizuri kuliko wote.

"Habari za siku, kaka. Napiga kukuambia kwamba ile kazi ya udereva hukuipata. Nafasi ilijazwa. Tulipaswa kukuambia zamani na hatukukuambia. Naomba radhi."

"Aisee." Nilisikia injini nyuma yake, watu wanaitana, kama yuko kwenye maegesho ya malori. "Sasa dada, nilikosea wapi? Maana niliona kama nimefanya vizuri."

"Uliendesha vizuri sana. Ila hukulizunguka gari kabla ya kupanda. Mteja aliweka tairi moja la nyuma likiwa na upepo mdogo, makusudi, aone nani ataligundua."

Akanyamaza kidogo. "Ni kweli. Siku zote huwa nazunguka. Siku ile niliogopa mtaona napoteza muda." Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu: "Unajua nimekataa safari mbili za Tunduma nikiwasubiri nyie? Nilisema nikienda halafu mkanipigia, nitawakosa. Na sasa hivi kuna gari linapakia hapa, tajiri ananiuliza tangu asubuhi kama nakwenda au siendi, nami namwambia ngoja."

Sikuwa na la kusema zaidi ya kuomba radhi tena.

"Hapana, umefanya vizuri kunipigia," akasema. "Kwa hiyo ni hapana kabisa? Hakuna cha kusubiri?"

"Hapana kabisa, kaka. Usisubiri."

"Basi acha nikate, nimwambie tajiri kabla gari halijatoka."